Tangazo Halialiki Mtu

Mimi nina ulimi, sikatai. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigomba. Ndiyo maana nilipojiunga na chama cha hisani, miaka michache baada ya uhuru, majirani zangu pale Langoni, mjini Lamu, walidhani sitamaliza mwezi.

Chama kilianzishwa na wanawake wa bara: walimu, wake wa maofisa, mke wa polisi. Sisi wa mji tulikuwa watatu tu. Tulikutana Alhamisi alasiri nyumbani kwa mwenyekiti, mwalimu wa shule ya wasichana, mjane asiye na mtoto, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha darasa hata anapoomba sukari. Tulishona nguo za watoto wachanga, tulipeleka uji kwa wagonjwa hospitalini, na tulicheka sana. Hilo la kucheka watu hawalitaji wanaposimulia habari za vyama, lakini mimi ndilo lililokuwa likinifanya niingojee Alhamisi. Wao walitufundisha kufuma sweta, sijui za baridi ipi. Sisi tukawafundisha kuoka mkate wa sinia, makaa juu na makaa chini, bila kuuunguza.

Mwaka huo tulikuwa na jambo moja kubwa. Msichana mmoja wa Siyu, kijiji cha kisiwa cha jirani, mwanafunzi wa mwenyekiti aliyekuwa akikaa kwa jamaa zake mjini, alipata nafasi ya kusomea uuguzi Mombasa. Mama yake alifariki akijifungua. Kutoka Siyu hadi hospitali ni mwendo wa miguu kisha mashua, na hawakuwahi. Msichana alitaka awe mkunga, hakutaka kusikia jingine. Baba yake, mkulima, hakukataa wala hakukubali. Aliuliza neno moja tu: huko Mombasa binti yake atakuwa ni wa nani? Mwenyekiti akamjibu kwamba atakuwa wa chama. Mzee akasema atakuja mwisho wa mwezi kutoa uamuzi. Sote tulijua kwamba akimrudisha Siyu, mchumba yuko tayari anangoja.

Nauli ilitakiwa, na viatu, na mashuka, na ada ya kuanzia. Mwenyekiti akapanga karamu ya chai ya tiketi, kama walivyozoea kwao bara. Akaandika tangazo kwa wino mwekundu, likabandikwa sokoni. Nilisema kwamba hapa mwanamke haendi mahali kwa kuitwa na ukuta. Tukapiga kura, nikashindwa.

Siku yenyewe tulipanga viti shuleni, tukaweka sambusa, keki na mabirika ya chai. Walikuja wake wawili wa polisi, na punda mmoja aliyechungulia mlangoni. Chai ikapoa. Mwenyekiti akavua aproni yake, akasema, "Watu wa Lamu hawana huruma. Mtoto ni wao, na hawaji."

Hapo nikawaka. Nilimwambia huruma tunayo, hata ya kumwazima, ila yeye hajamwalika mtu. Kwetu shughuli ya wanawake hualikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Ambaye hakufikiwa mlangoni haji, hata awe jirani wa ukuta mmoja, kwa sababu akija atasemwa kuwa amedoea. Tena tiketi! Umwite mtu kwako kisha umuuzie chai? Kwetu mgeni hula kwanza. Akitaka kutoa, hutuza: huinuka ngoma inapokolea, akamkabidhi mwenye shughuli alichonacho mbele ya macho ya watu, na hapo ndipo wanawake hushindana. Niliyasema yote hayo kwa ukali, na mpaka leo sioni kwamba nilikosea.

Alikusanya vikombe vya chai iliyopoa. Kisha akasema, "Basi twende ukanionyeshe, dada."

Asubuhi yake nilimvika buibui la mama yangu, likamwishia juu ya vifundo vya miguu. Tukaingia nyumba ya kwanza, ya bibi mmoja mwenye maneno mazito ambaye Langoni nzima ilimwogopa. Tuliletewa kahawa ya tangawizi na kipande cha halua. Bibi alingoja tumalize kunywa.

"Mumekuya kualika," akasema. "Haya. Shughuli ni ya nani?"

"Ya chama," akajibu mwenyekiti.

"Chama kimezaa?"

Sikucheka, ingawa nilitamani. Mwaliko kwetu hutoka kwa mama. Mama asipokuwepo, hutoka kwa khale, dada wa mama, au shangazi, mradi awe ni mwanamke anayejulikana. Ukienda kwake leo, naye kesho atakuja kwako, harusini na matangani. Chama hakiwezi kuketi kwenye mkeka wa matanga kikalia nawe.

Nilifungua kinywa niseme kwamba mama ni mimi. Mwenyekiti akanitangulia.

"Mtoto ni wangu," akasema, bila ile sauti ya darasa. "Karibu kwangu Ijumaa baada ya Asri."

Bibi akamtazama sana. "Ukisema hivyo, mwanangu, huwezi kurudi nyuma. Nitakuya."

Tulipotoka nilimuuliza kama anajua alichokisema. "Najua nusu," akajibu. "Nusu nyingine utaniambia njiani." Nilimwambia, na hakugeuka. Tuliendelea mpaka adhuhuri, kahawa kila nyumba.

Ijumaa nyumba yake ilijaa mpaka ngazini. Wanawake walipiga vugo, zile pembe za nyati zinazogongwa kwa vijiti, na mwenyekiti alikaa mkekani katikati, msichana ubavuni pake. Walimtuza noti, wakamtuza leso, mashuka, jozi ya viatu. Nilifurahi mpaka nikasahau kugomba.

Mwisho wa mwezi baba akaja, kanzu safi, kofia iliyodariziwa kichwani. Alisimama barazani akitazama chini, kwa heshima, akasema na mimi ingawa mwenyekiti alikuwa pale pale.

"Mwambie habari imefika Siyu. Kwamba alisimama kwa wake wa mui akasema mwana ni wake."

Wake wa mui ni sisi, wanawake wa mji. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo neno ambalo, nadhani, lilikuwa likimkosesha usingizi: je, serikali ikimhamisha?

Mzee akanijibu mimi tena.

"Mwambie akihamishwa atwambie ni wapi," akasema, "ili mwana ayue pa kwenda kuzalia."

Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mwanamke. Hiyo sikuwa nimemwambia njiani, lakini aliielewa. Alikaa chini pale barazani akalia, na mimi nikalia naye. Mzee akangoja kwa adabu mpaka tukamaliza, ndipo akaomba aitiwe binti yake, amwombee dua ya safari.