Washenga Walioelekezwa Karakana ya Zamani

Nilipohamisha karakana yangu ya useremala kutoka barabarani hapa Mafinga hadi nyuma ya soko, sikumwambia mtu. Nilijigamba kwamba kizuri chajiuza.

Juzi washenga walikuja kutoka Chimala kumposa mdogo wangu Tumaini. Wazazi hatuna, mimi ndiye wa kuwapokea. Tuliwangoja kwenye karakana mpya mpaka chai ikapoa.

“Kaka, wamenikataa,” Tumaini akalia.

Ndipo nikakumbuka: wao walielekezwa karakana ya barabarani! Nikakimbia. Kumbe pale pamekuwa kilabu cha ulanzi. Washenga wamekaa kwa adabu, na mlevi mmoja anawashika mikono: “Karibuni, wakwe! Kaka mkubwa ndiye mimi. Posa nimepokea!”

“Kaka ni mimi!” nikapayuka, nikihema.

Mshenga mkuu akanitazama. “Ndugu, walevi wengine wasubiri nje.”