Debe la Jivu la Nduta

Nduta, mama yake Thuo, alikuwa na hasira za karibu. Pale Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, alijulikana kwa mambo mawili: mdomo wake na sufuria zake. Aliuza chai na mandazi nyuma ya chumba chao, na kila jioni alisugua vyombo kwa jivu alilolihifadhi ndani ya debe, mpaka vikang'aa. Ole wake aliyesema kikombe cha Nduta si safi!

Mwaka ule wa sabini na saba mvua zilipoleta matope, alimwaga mchanga mahali wateja waliposimama, wasichafue viatu. Haikupita wiki, wateja wakaanza kunusa vikombe.

Wasike, fundi wa mabehewa, ndiye aliyethubutu kusema.

"Mama Thuo, usikasirike. Hii chai inanuka."

"Inanuka nini?"

"Paka."

Nduta akamwinulia mwiko. "Paka ni wewe! Kama umechoka na chai yangu, si uende kwa Wangeci pale getini!"

Biashara haigombi, lakini nani angemwambia Nduta? Wasike akaenda kwa Wangeci, na kesho yake akaenda na wenzake wote. Mandazi yakalala kwenye beseni. Nduta akamwaga maziwa, akamtukana aliyemletea, akachota maji mfereji mwingine, wapi! Pua yake mwenyewe, iliyokaushwa na moshi wa miaka mingi, haikunusa kitu, na hilo lilimchoma zaidi. Thuo alisomeshwa na mandazi hayo. Yangekosa mnunuzi, mtoto angerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Jioni moja aliinama achote jivu, akamkuta paka wa Bi Muhiba, jirani yao, amechuchumaa ndani ya debe, ametulia kama mwenye nyumba. Paka akamaliza haja yake, akaifukia vizuri, akaenda zake. Nduta akachota jivu, akalisogeza puani. Hata pua ile iliyokufa ikafufuka.

"Bi Muhiba! Toka nje!" Alikuwa akiugonga mlango wa jirani kwa mwiko. "Paka wako ameninyea kwenye jivu la vyombo! Leo namtia kwenye gunia, namtupa mtoni!"

Bi Muhiba, mama mtu mzima wa kutoka Mombasa, akatoka huku naye amefura.

"Usinipigie kelele mlangoni kwangu, mwanangu. Paka wangu ana adabu kuliko watu wengi wa mtaa huu. Njoo!"

Akamshika mkono mpaka nyuma ya chumba chake. Palikuwa na sanduku la machungwa, tupu.

"Mkojo wa paka ni najisi, siwezi kusali penye mkojo. Ndiyo maana nikamwekea choo chake hapa nje, kwa mchanga. Mvua zilipoanza, mwizi akauzoa wote. Sasa ulitaka aende wapi? Ningemjua mwizi huyo, ningemlaani!"

Nduta akalitazama sanduku. Akakumbuka asubuhi ile ya matope, karai mkononi, na alivyojipongeza kwamba mchanga mzuri namna ile umeachwa bure. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Wateja wake walikuwa wamesimama juu ya choo cha paka, wakinywea vikombe vilivyosuguliwa kwa choo kingine! Hasira haikumtoka. Ilikosa tu mtu wa kumwendea, ikamgeukia yeye.

"Ni mimi," alisema, bado kwa sauti ya ugomvi. "Mwizi ni mimi. Haya, laani!"

Bi Muhiba akamsogezea lile sanduku tupu kwa mguu.

"Lete mchanga kwanza," akasema.

Nduta akaleta mchanga mpya, makarai mawili. Akalitupa lile debe, akaosha vyombo vyote kwa sabuni na maji ya moto, akijitukana kwa Kikuyu.

Asubuhi alibeba birika na vikombe mpaka getini kwa Wangeci, mbele ya wanaume wote wa reli. Akajimiminia kikombe cha kwanza, akakinywa chote.

"Wasike, ulisema kweli. Alikuwa paka, na kosa ni langu. Sasa kunywa kabla sijakuinulia mwiko tena!"

Wasike akapokea kikombe, akakinusa, akakinusa tena. Akanywa, kisha akakinyoosha aongezewe.