Faulo ya Tano ya Ngazi

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na umri wa mwanawe ulisomeka kwenye suruali. Kila alipomshonea sare ya shule alimwachia pindo la vidole vinne, na kila muhula alilifumua kidogo na kulishona upya. Pale mkunjo wa zamani ulipokuwa, palibaki mstari uliopauka. Wenzake darasani walikuwa wakimwinamia miguuni na kuhesabu: "Mmoja, miwili, mitatu... ala! Huyu alianza kuvaa suruali hii kabla hatujazaliwa."

Alicheka pamoja nao, maana mtu mrefu hana pa kujificha. Lakini alikuwa mtoto mzito wa mikono, wa kumwaga vitu na kukanyaga watu, na mama yake hakulifumbia macho hilo. Alimwekea sheria moja, akamrudia nayo mpaka ikamwingia kwenye mifupa.

"Wewe ni mkubwa, mwanangu. Ukigongana na mtu, anayeumia ni yeye. Omba radhi kwanza. Kesi ya nani mkosa tutaisikiliza baadaye."

Alipomaliza shule alipata kazi katika duka la vipuri vya magari. Rafu za duka hilo zilifika darini, na kwa miaka mingi mwenye duka alikuwa akipanda ngazi ya mbao iliyolegea, huku akiomba dua kila kidato. Kijana alipoanza kazi, ngazi ilikaa pembeni mwezi mzima bila kuguswa. Mwezi wa pili mwenye duka akaiuza. Tangu siku hiyo wateja wakamwita kijana Ngazi, na jina lake halisi likabaki kwenye vyeti.

Siku moja mwanamume mmoja mwenye filimbi shingoni aliingia kununua mkanda wa injini. Alimwona kijana akinyoosha mkono na kuushusha mkanda kutoka rafu ya juu kabisa, bila hata kuinua visigino. Alikuwa kocha wa klabu ya mpira wa kikapu, klabu yenye wachezaji wa kulipwa.

"Huyu ana umri gani?" kocha akauliza.

"Ishirini," mwenye duka akajibu. "Na hauzwi. Ulichokuja kununua ni mkanda."

"Anajua kucheza?"

"Anajua kushusha vitu. Ukimchukua, mimi nitapanda kwa mbawa?"

Wiki iliyofuata kocha alirudi na mkataba mkononi na ngazi mpya ya chuma begani. Wachezaji wa klabu hiyo wanapenda kusema mpaka leo kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kusajiliwa kwa ngazi.

Urefu ni zawadi, lakini zawadi haichezi. Miezi sita ya kwanza Ngazi alikuwa kichekesho. Alijua kuufikia mpira, ila hakujua kuung'ang'ania. Na kila alipomgonga mtu chini ya kikapu, kwa kiwiko au kwa bega, alisimama katikati ya mchezo na kusema, "Samahani." Wapinzani waligundua haraka. Walijigonga kwake kwa makusudi, akasimama kuomba radhi, nao wakapita na kufunga.

"Unaomba radhi kwa nini?" kocha alimfokea. "Hapa ni kazini, si msibani!"

"Nitaomba huku nakimbia, kocha. Nitajifunza."

Na kweli alijifunza. Wengi wangeiacha tabia hiyo kwa aibu na kusema wamekomaa. Yeye aliibeba tabia yake na kuizidishia mbio. Kwa misimu kumi na mitatu watu waliokaa viti vya mbele walimsikia chini ya ubao, katikati ya mguno na jasho, "samahani, samahani," huku mpira tayari uko mikononi mwake. Hakuwa mfungaji wa kutisha. Kazi yake ilikuwa kuokota mitupo iliyokosa, ya wenzake na ya maadui, na kuirudisha panapostahili. Asubuhi mazoezi, mchana mazoezi, jioni miguu ndani ya ndoo ya barafu huku mkewe akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake kando yake. Kitanda chao kilikuwa na sanduku miguuni, la kupokea visigino vilivyozidi.

Mama yake alikuja uwanjani mara moja tu, msimu wa kwanza. Alimwona akianguka, akachukua mkoba wake na kuondoka kabla ya mapumziko. "Nilikuzaa mzima," alisema. "Siwezi kukaa kwenye kiti nikitazama wanavyokuvunja."

Msimu wa kumi na tatu daktari wa klabu aliligusa goti la kulia la Ngazi, akatikisa kichwa. Ilibaki mechi moja, ya kuamua kombe. Ngazi alikwenda kwa mama yake na kumsihi kama mtoto.

"Ni ya mwisho, mama. Nataka unione nikiwa uwanjani mpaka filimbi ya mwisho inalia."

Mama alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu. "Nitakuja. Lakini sharti nikuone ukitoka kwa miguu yako mwenyewe. Wakikutoa kwa machela, mimi na wewe hatutasalimiana."

Siku yenyewe, alasiri, mama alikaa safu ya tatu, mkono wake umeushika mkono wa mkwewe. Ngazi alivaa jezi namba kumi na nne kama siku zote. Namba nne alikuwa mlenga vikapu wao, waliyemwita Spika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima. Kila filimbi ilipolia, Spika alikuwa na hotuba. Hata kosa likiwa la mwingine, alilalamika kwa niaba yake.

Dakika tatu kabla ya mwisho timu yao ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Ngazi alikuwa na faulo nne. Spika naye alikuwa na nne, na ya tano humtoa mtu mchezoni bila kurudi. Mtupo ukakosa, watu watano wakaruka kwa pamoja, na mkono wa Ngazi ukashuka juu ya mkono wa nahodha wa wapinzani. Filimbi ikalia.

Refa aligeukia mezani kuonyesha namba ya mkosaji. Kwa kumi na nne hukunja ngumi ya mkono mmoja, yaani kumi, na kwa mkono wa pili huinua vidole vinne. Karani wa meza alikuwa ameinama kuokota kalamu. Alipoinua kichwa ngumi ilikwisha shuka, akaona vidole vinne tu. Akaandika: nne. Kisha akainua kibao cha namba tano, yaani faulo ya tano.

"Namba nne, nje!"

"Mimi?" Spika aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Sikumgusa! Hata kivuli changu hakikumgusa!"

"Wewe kila siku hujamgusa mtu," refa alimwambia. Hata hivyo aliisogelea meza na kuangalia karatasi. Karatasi ilisema nne. Mikono chini ya ubao ilikuwa mingi, Spika naye alikuwamo humo, na refa akaanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe.

Spika akamgeukia kocha, kocha akatazama pembeni. Kisha kocha akamsogelea Ngazi na kusema kwa sauti ya chini: "Rudi kwenye nafasi yako. Sina mrefu mwingine kama wewe. Fumba mdomo dakika tatu tu."

Ngazi alitazama safu ya tatu. Mama yake alikuwa amekaa wima, hajaugusa mkoba. Dakika tatu. Alikuwa amezililia misimu kumi na mitatu, na hakuna ambaye angemdai neno. Lakini Spika alikuwa anavua kitambaa cha jasho kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikuwa amenyamaza.

Ngazi akaenda mezani.

"Faulo ni yangu," alisema. "Kumi na nne."

Refa akamtazama kwa mashaka. "Unamkinga mwenzako?"

"Muulize aliyegongwa."

Nahodha wa wapinzani alikuwa bado anausugua mkono wake. Akacheka. "Ni yeye, refa. Ameniomba samahani hata kabla sijahisi maumivu. Nani mwingine hufanya hivyo humu?"

Karani akafuta, akaandika upya. Spika alimshika Ngazi shingoni, ikabidi aning'inie kidogo kumfikia. "Kaka, wewe ni mwendawazimu," alimnong'oneza.

"Kafunge," Ngazi akasema. "Hotuba baadaye."

Alitoka uwanjani akitembea polepole, goti likimlalamikia, na ukumbi mzima ukasimama, pamoja na upande wa wapinzani. Alikaa kwenye benchi na kutazama. Spika alifunga viwili. Wapinzani wakafunga vitatu. Kombe likaenda upande wa pili. Filimbi ya mwisho ilipolia kocha akaja, akaketi kando yake, akamrushia taulo. "Jumatatu njoo unifundishie hawa warefu wapya," alisema. "Kudaka. Mengine sijui kama yanafundishika."

Nje ya lango mama alikuwa akimsubiri, amekunja uso. Sheria za mchezo ule hakuzijua hata moja.

"Mbona wamekufukuza kabla ya mwisho?"

"Nilimgonga mtu, mama."

"Ulimwomba radhi?"

"Nilimwomba."

"Na umetoka kwa miguu yako. Nimekuona." Aliinama, akatazama suruali ya mwanawe, akaushika upindo wake kwa vidole viwili vya fundi. "Nani alikushonea takataka hii? Nyumbani uivue, nikuongezee."

Ngazi alicheka, akampokea mkoba, wakaanza kutembea kwa mwendo wa mama.