Kifuko Kilichogoma Kufunguka

Dada yangu hana kazi ya kueleweka. Ukimuuliza anafanya nini, atakwambia anabuni vifuko vya protini, vidogo hata hadubini ya kawaida haivioni, vya kubebea dawa mpaka ndani ya seli. Nyumbani tukambatiza Bibi Vifuko. Zamani hizo alikuwa anacheka.

Kisha binti yake akaanza kuangukaanguka. Ugonjwa wa misuli. Dawa ipo, ila ukiidunga peke yake inaharibika kwenye damu kabla haijafika popote. Loo! Kumbe kazi yote ile ilikuwa inatusubiri sisi.

Madaktari wakamkata mtoto kipande kidogo cha msuli pajani, seli zake zikaoteshwa kwenye visahani maabara. Dada anazilisha kila siku, hata sikukuu. Mtoto akaziita wadogo zake. "Mama, wadogo zangu wamekula?" anauliza, na yeye mwenyewe analishwa kwa kijiko.

Kifuko kilikuwa kinafika. Kinaingia ndani ya seli vizuri tu, halafu kinagoma kufunguka! Dada alikuwa amekaza vipande vyake mno, kwa hofu dawa isije ikamwagika njiani. Nikamfokea: "Ndivyo ulivyo wewe, ukishika kitu huachii!" Akarudi kwenye kompyuta, akalegeza kiungo kimoja, kifuko kikavunjika mapema. Akalegeza kingine. Kula hali, kulala halali. Na mtoto pumzi zinapungua, mashine ya kumsaidia kupumua inakoroma kando ya kitanda.

Jana kilifunguka. Seli zimeanza kutengeneza kile zilichokosa tangu mtoto azaliwe. Nilipiga vigelegele palepale kazini kwangu, simu sikioni. Dada akaniambia polepole, "Bosi anasema sasa ni kujaribu kwa panya. Halafu vipimo vya usalama. Kufika kwa watu, miaka kadhaa." Daktari wa mtoto hazungumzii miaka tena. Nilitamani nivunje kitu.

Jioni tukaenda hospitali. Mtoto akaisogeza barakoa yake kidogo.

"Mama mdogo, eti wadogo zangu wamepona?"

"Wamepona, mwanangu."

Akatabasamu. Akamgeukia mama yake, akajaribu kukunja mkono wa gauni lake, vidole vikamshinda.

"Haya mama. Sasa zamu yangu."

Dada akamkunjia ule mkono mpaka begani. Sindano hakuwa nayo.