Mstari Kati ya Mocímboa na Mtwara

Kaka yangu alioa Mtwara. Mtoto wake wa kwanza alipozaliwa, nilitazama ramani kwenye telemóvel, simu yangu ya mkononi, nikaona kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Mocímboa da Praia, mji wangu kaskazini mwa Msumbiji, hadi ule wa Mtwara ni mwendo wa angani usiofika saa moja. Katika ukoo wetu mtoto hutolewa nje siku ya arobaini mikononi mwa shangazi yake, na shangazi ni mimi peke yangu. Nikaahidi kufika.

Sikuwa nimeuliza kama ipo ndege inayopita njia hiyo. Haikuwepo. Ningelazimika kushuka kusini hadi Maputo, kisha nirudi kaskazini kupitia Dar es Salaam. Au niende kwa barabara hadi mto Ruvuma na kuvuka kwa kivuko. Nilichagua barabara. Mvua ikajaza mto, kivuko kikasimama, na siku ya arobaini ilinikuta bado ukingo wa kusini.

Nikampigia wifi yangu, nikamsihi amtafute mwanamke mwingine wa kumtoa mtoto nje.

"Wifi, usitukwepe!" akanijibu. "Mwanao tumemfungia ndani, anakungoja. Akiota meno humo humo, wa kwanza kung'atwa ni wewe."

Akacheka, kisha akamsogezea mtoto simu. Nilimsikia akipumua, karibu kabisa na sikio langu. Tangu chuoni nimeamini kwamba mipaka imewekwa na watu, na watu wanaweza kuifungua. Asubuhi ile hoja hiyo haikunitosha. Nilitaka kumpakata. Nikaketi ukingoni, nikingoja maji yapungue.