Picha za ng'ombe sita zilivyonifundisha kuchagua software ya kurudisha data

Wakuu, habari za jukwaani. Haya nimeyafanya kwa mikono yangu, mwenye kubisha aje Sumbawanga.

Mimi ni darasa la saba, ila studio nimeisimamisha mwenyewe kuanzia kamera ya kuazima. Leo wenye diploma wananiletea laptop zao.

Mwezi uliopita kaingia mzee Masanja, mfugaji wa huko Laela. Ng'ombe wake sita waliibiwa, wakakamatwa, wakawekwa ofisi ya kijiji. Shida, jamaa mwingine naye anadai ni wake. Mwenyekiti kasema mwenye ushahidi alete Ijumaa.

Ushahidi ninao mimi! Mwaka jana nilimpiga picha na kila ng'ombe, awatumie ndugu zake Shinyanga. Hakurudi kuzisafisha zitoke kwenye karatasi.

Nachomeka external, disk ninayotunzia picha za wateja. Kompyuta inaniambia niformat, yaani nifute kila kitu.

"Vipi, fundi?"

"Dakika tano tu, mzee wangu."

Wakuu, zilikuwa siku mbili.

Nikadownload software ya kwanza niliyoiona, ya crack, ile ya kulipia iliyochakachuliwa. Ikaziona picha, nikaiambia isave. Wapi? Kwenye disk ile ile mbovu! Zinazorudi zikawa zinakanyaga ambazo hazijarudi. Mimi huyo huyo, fundi wa wenye diploma.

Ya pili ya bure, ikaleta majina ya mafaili tu. Jina la faili litamtambulisha ng'ombe gani?

Ya tatu ndiyo chuma. Inakopi disk nzima kwenda disk nyingine, inachimba kwenye kopi, na picha unaiona kabla ya kusave. (Jina silitaji, mods wataniambia natangaza biashara.)

Alhamisi zikatoka, nusu nusu. Juu picha, chini kijivu kitupu. Vichwa na pembe tu, miguu hakuna. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba msamaha.

Mzee akavuta kiti.

"Huyo Kabula, pembe alivunja kwa ubishi wake. Huyu sikio lilichanwa na seng'enge. Fundi, kwani wewe ng'ombe unamtambua kwa kwato?"

Nikasafisha zote sita.

Ijumaa jioni simu ikaita. Milio ya ng'ombe tupu, halafu mzee: "Unawasikia? Tuko njiani, tunarudi nyumbani."

Kwa hiyo wakuu, disk ikizingua usisave chochote humo. Kopi kwanza, kisha chagua software inayokuonyesha mzigo wenyewe.

Ninyi mnatumia ipi? Wajuaji karibuni, nimeshakaa mkao wa kupigwa mawe.