Mkate wa Brizo

Pale kisiwani Delos watu walimjua Timareti kwa harufu kabla hawajamwona. Tangu aolewe aliuza dagaa wa chumvi bandarini, na miaka kumi na mitatu ya kazi hiyo ilikuwa imemwingia hadi kwenye kucha. Mwenyewe alilicheka jambo hilo, isipokuwa siku ambazo mumewe, Deksio, alisafiri. Siku hizo wake wa mabaharia humpelekea Brizo, mungu wa kike anayelinda vyombo baharini, kimashua cha udongo kilichojaa vyakula vya kila namna, ila samaki. Samaki Brizo hataki hata kumnusa.

Asubuhi moja merikebu ya kwenda Rodo, ambayo Deksio angesafiri nayo, ilikuwa imeshapakia mafuta, ikingoja upepo tu. Timareti alifika hekaluni akihema, kimashua kimejaa tini, jibini na mkate wa shayiri. Bibi Glauki, mtunza hekalu, akanusa, akakunja uso.

"Mkate huu umeukandia wapi?"

"Kwenye bakuli langu, bibi."

"Bakuli lipi?"

Timareti akashika kichwa. Lile lile la dagaa!

Wake wa mabaharia waliokuwa hapo wakaangua kicheko. "Shoga, unataka kumzamisha mumeo?"

"Nakanda mwingine sasa hivi!"

"Kwa mikono hiyo?" Glauki akauliza. "Na sharti ukandwe na mtu wa nyumba ya msafiri."

Nyumba yao ilikuwa na watu wawili tu. Timareti akateremka bandarini mbio.

"Deksio! Shuka ukande mkate!"

"Mimi? Mke wangu, mimi mtu wa tanga!"

"Kanda, au uogelee hadi Rodo!"

Mabaharia wakapiga mbinja. "Shemeji, mfunge kitambaa kichwani, apendeze!"

Deksio akachota unga wa merikebuni, akakanda huku unga ukimganda hadi viwikoni. Wakauoka juu ya makaa ya mafundi wa merikebu waliokuwa wakichemsha lami, ukatoka umepinda kama kiatu kikuukuu. Upepo nao ukaanza kuvuma. Timareti akaufunga mkate katika joho la mumewe, akapanda tena mlima hadi hekaluni.

Glauki akanusa, akanusa tena. "Unanuka lami."

"Lami imekatazwa?"

Bibi akafikiri kidogo. "Haikukatazwa." Akaupachika kwenye kimashua. "Brizo amepokea."

Timareti alipofika gatini merikebu ilikuwa imeng'oa nanga. Akajitosa majini hadi kiunoni, akipunga mikono yote miwili.

"Amepokea! Deksio, amepokea!"

Kule tezini, nyuma ya merikebu, Deksio akawageukia wenzake, kifua mbele.

"Mmesikia? Mkate wangu huo!"